Mchagua Nazi na Koroma: Mnazi, Matumizi Yake na Msamiati Wake katika Pwani ya Kenya

Utangulizi

Katika kipindi kimoja cha fasihi simulizi, mhadhiri wetu aliandika ubaoni methali "Mchagua nazi hupata koroma", akatutaka tuifafanue. Mwenzetu mmoja, hodari wa hoja na mzaliwa wa bara, alisimama akaeleza kwamba anayechagua nazi kwa muda mrefu huchoka, akalala, na hatimaye akakoroma. Darasa zima liliangua kicheko. Mhadhiri alingoja kicheko kitulie, kisha akauliza ni nani miongoni mwa waliocheka awezaye kueleza koroma ni nini. Ukumbi ulinyamaza. Mkono mmoja tu ndio ulioinuka, nao ulikuwa wa dada aliyelelewa katika shamba la minazi huko Kilifi. Alisema kwamba koroma ni tunda lililokwisha kupita udafu lakini halijafikia unazi: maji yake yamepungua utamu na nyama yake haijawa ya kutoa tui zuri, hivyo halimfai mwenye kiu wala mpishi.

Jibu hilo fupi lilitufunza mambo mawili. Kwanza, methali hiyo haieleweki kwa mtu asiyeujua mnazi, hata kama anayajua maneno yake yote. Pili, sisi tunaojiita wanafunzi wa Kiswahili tumekuwa tukiyahifadhi maneno kama mtu anayetunza funguo za nyumba ambayo hajawahi kuingia.

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba msamiati wa mnazi ni zaidi ya orodha ya majina. Ni hesabu ya matumizi. Wazee waliipa hatua jina mahali ambapo mkulima, mpishi au fundi alilazimika kufanya uamuzi. Kwa hiyo, anayeyapoteza majina haya hupoteza pia sehemu ya thamani ya mti wenyewe. Tutaanza na mti na makao yake, tuendelee na hatua za tunda, kisha tupitie matumizi ya jikoni, ya ujenzi na ya tembo, na mwisho tuangalie uchumi wa leo na wajibu wa mwanafunzi wa lugha.

Mti na Makao Yake

Mnazi, ambao wataalamu wa mimea huuita Cocos nucifera, ni mti wa jamii moja na mtende, mchikichi, mvumo na mkoma. Hupenda joto, mvua ya kutosha na udongo usiotuamisha maji, na huvumilia chumvi ya bahari kuliko miti mingi ya matunda. Ndiyo sababu umeshamiri katika ukanda wa pwani kutoka Lamu hadi Vanga, na hasa katika kaunti za Kilifi na Kwale.

Asili yake si ya hapa. Utafiti wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2011 na Bee Gunn na wenzake ulionyesha kwamba binadamu alianza kuukuza mnazi katika pande mbili tofauti: visiwa vya Asia ya Kusini Mashariki na maeneo ya kusini mwa Bara Hindi. Utafiti huo uligundua pia kwamba minazi ya Madagaska na Komoro ina mchanganyiko wa nasaba hizo mbili. Hili linaafikiana na historia ya mabaharia waliovuka Bahari ya Hindi kutoka mashariki ya mbali. Mnazi basi ni mgeni wa pwani yetu, lakini ni mgeni aliyekwisha kuwa mwenyeji.

Mkulima wa pwani hutofautisha aina mbili kuu. Ipo minazi mirefu ya Afrika Mashariki, ambayo huanza kuzaa baada ya miaka 6 hadi 8 na huweza kuendelea kuzaa kwa zaidi ya miaka 60. Ipo pia minazi mifupi, ambayo huzaa mapema zaidi na husifiwa kwa madafu yake. Nchini Tanzania aina hii hujulikana kwa jina la kitamli. Anayepanda mnazi mrefu anapanda akijua kwamba watakaofaidi zaidi ni wanawe na wajukuu wake.

Hatua za Tunda na Ngeli Zake

Mnazi hautoi matunda yake kwa msimu mmoja kama mwembe. Mnazi wenye afya hutoa kuti jipya takriban kila mwezi, na katika kwapa la kuti hilo huchipuka ua. Kwa kuwa tunda huchukua miezi ipatayo 12 kukomaa, mnazi mmoja hubeba kwa wakati mmoja matunda ya kila umri. Anayetazama juu ya mnazi huona msamiati wote umening'inia mbele yake.

Kwanza hutokea karara, yaani ala ngumu inayolifunika ua. Karara ikipasuka, upunga hujitokeza. Vitunda vichanga vinavyofuata huitwa vidaka, na vingi kati yake hupukutika kabla ya kukua. Kidaka kikiongezeka umbo huwa kitale. Kitale kikijaa maji matamu na kuanza kufanya nyama laini huwa dafu, kwa kawaida kati ya mwezi wa sita na wa nane. Dafu likipita kiasi huwa koroma, na koroma likikomaa huwa nazi. Nazi ikiachwa hadi nyama yake ikakauka na kuachana na kifuu huwa mbata. Nayo nazi iliyojaa ndani kitu cheupe, chepesi kama sifongo, badala ya maji, huitwa joya.

Mwanafunzi wa sarufi ana jambo la kuzingatia hapa. Tunda lile lile, likiwa kwenye shina lile lile, husafiri kutoka ngeli moja hadi nyingine kadiri linavyokua. Tunasema upunga umechanua, kidaka kimeanguka, kitale kimenenepa, dafu limejaa, koroma limekosa utamu, nazi imekomaa. Katika utoto wake tunda limo katika ngeli ya KI-VI, ambayo mara nyingi hubeba dhana ya udogo. Likijaa maji huingia LI-YA. Likikomaa hutulia katika I-ZI. Hatudai kwamba ngeli zilipangwa kwa ajili ya nazi. Tunachosema ni kwamba mfano huu mmoja unaweza kumfundisha mwanafunzi upatanisho wa kisarufi vizuri kuliko majedwali mengi ya vitabuni.

La muhimu zaidi ni kwamba kila jina linaashiria uamuzi. Karara ikigemwa, tembo litapatikana leo, lakini kole hilo halitazaa nazi. Dafu likiangushwa, mkulima anapata fedha miezi kadhaa mapema, lakini anapoteza tui, mafuta na mbata. Akilisubiri liwe nazi, anabeba hatari ya wadudu, wezi na kushuka kwa bei. Koroma ndilo jina la asiyeamua: amechelewa kuuza dafu na ameharakisha kuangua nazi. Kwa mtazamo huo, methali ya ubaoni inamkanya mwenye kuchagua mno, lakini pia inahifadhi somo la uchumi wa shamba.

Mnazi Jikoni

Safari ya nazi kutoka shambani hadi chunguni ina vitenzi vyake maalumu. Mkwezi huukwea mnazi na kuziangua nazi. Nazi hufuliwa kwa kifuo, kijiti chenye ncha kilichosimikwa ardhini, ili kuondoa makumbi. Kisha huvunjwa, hukunwa kwa mbuzi, na machicha hutiwa maji na kukamuliwa katika kifumbu ili kutoa tui. Mwanafunzi atambue kwamba kufua nazi, kufua nguo na kufua chuma ni kazi tatu tofauti zinazotumia kitenzi cha umbo moja. Vilevile, mbuzi ya kukunia nazi haichukui upatanisho wa kiumbe: tunasema "mbuzi hii imekuwa butu", si "mbuzi huyu amekuwa butu".

Tui la kwanza, lililo zito, huitwa tui bubu au kasimile. Machicha yakitiwa maji tena hutoa tui jepesi. Mpishi stadi huanza kupikia tui jepesi, na lile zito hulitia mwishoni ili lisikatike kwa moto mwingi. Hivyo tui linalokamuliwa kwanza ndilo linaloingia chunguni mwisho. Wali wa nazi, samaki wa kupaka, mbaazi za nazi, maharagwe, mchicha na viazi vya nazi vyote hutegemea utaratibu huu. Kashata hutumia nazi yenyewe iliyokunwa. Machicha yaliyobaki hulishwa kuku, na mafuta ya nazi hupakwa nywele na ngozi.

Mpishi huyo huyo huonja maji ya nazi kabla ya kuikuna, kwa maana nazi moja iliyooza huharibu tui la nazi zote. Hapo ndipo panapopata uzito methali "Nazi mbovu harabu ya nzima". Tukiifundisha darasani kama onyo kuhusu marafiki waovu tu, bila kulitaja chungu la tui, tunakuwa tumetoa maana na kuacha sababu yake.

Paa, Ua na Kamba

Kuti la mnazi lina kazi nyingi. Majani yake yakishonwa kwenye kijiti hutoa makuti ya viungo, ambayo huezekea nyumba. Likisukwa zima huwa makuti ya kumba, yanayotumiwa kuzungushia ua. Nyumba ya makuti huwa na ubaridi hata jua linapokuwa kali, na ndiyo maana hoteli za Diani, Watamu na Malindi zimeendelea kuyaezeka mabanda yao kwa makuti hata baada ya wanavijiji wengi kuhamia mabati. Aghalabu kazi ya kushona makuti hufanywa na wanawake, na kwa familia nyingi hiyo ndiyo fedha ya daftari na chumvi. Udhaifu wa makuti unajulikana: hushika moto upesi na hulazimu kubadilishwa kila baada ya miaka michache.

Uti mgumu wa katikati ya ukuti huitwa chelewa, nao hutengenezewa fagio. Fagio la chelewa, basi, halina uhusiano na kuchelewa. Shina la mnazi uliozeeka hutoa nguzo, mbao na vivuko vya mitaro. Kifuu hukatwa kuwa kata ya kuchotea maji, au hutiwa mpini kikawa upawa wa kupakulia mchuzi. Mabaki yake ni kuni na makaa yenye moto mkali.

Makumbi nayo yalikuwa msingi wa teknolojia ya bahari. Yalifukiwa katika tope la ufukweni kwa miezi mingi hadi yakalainika, kisha yakapondwa ili kutoa nyuzi za usumba, na nyuzi hizo zikasokotwa kuwa kamba. Kwa kamba hizo mafundi wa pwani, hasa wa visiwa vya Lamu, walishona mtepe, chombo ambacho mbao zake ziliunganishwa kwa kushonwa bila misumari ya chuma. Mitepe iliacha kuundwa katika karne ya 20. Pamoja nayo, istilahi nyingi za ushonaji wa vyombo ziliondoka katika vinywa vya watu na kubaki katika kamusi na makumbusho. Huo ni mfano halisi wa jinsi kazi inavyoondoka na maneno yake.

Tembo: Mapato, Mila na Sheria

Mgema hukwea mnazi wake mara mbili au zaidi kwa siku. Kwa kisu chake, kotama, hukata ncha ya karara changa na kukinga utomvu kwa kibuyu au chombo kingine. Utomvu ukiwa mbichi ni mtamu. Kadiri saa zinavyopita huchacha na kuwa tembo kali, na ukiachwa zaidi huwa siki. Ukichemshwa kabla ya kuchacha hugeuka kuwa asali nzito na hatimaye sukari. Methali "Mgema akisifiwa tembo hulitia maji" inajulikana na kila mtoto wa shule nchini, lakini ni wachache wanaogundua kwamba kiambishi -li- katika "hulitia" ndicho kinachotenganisha kinywaji hiki na mnyama mwenye mkonga, ambaye upatanisho wake ni wa A-WA.

Miongoni mwa Wamijikenda tembo huitwa uchi, na ni zaidi ya kinywaji. Hupelekwa katika posa na mahari, hunywewa matangani, na humwagwa chini wazee wanapowakumbuka waliotangulia. Mwanaanthropolojia David Parkin, katika kitabu chake cha mwaka 1972 kuhusu Wagiriama wakulima wa minazi, alieleza jinsi ununuzi na uwekaji rehani wa minazi na mashamba ulivyotegemea ushahidi wa wazee, na jinsi tembo lilivyokuwa kiungo cha kuwakutanisha mashahidi hao. Ikumbukwe kwamba katika desturi za pwani mti na ardhi vinaweza kuwa na wenyewe tofauti: mtu huweza kumiliki minazi iliyosimama katika shamba la mwingine. Mnazi ulikuwa akiba, dhamana na hati.

Upande wa sheria, mgema ameishi katika mashaka. Kwa miaka mingi tembo liliwekwa katika kapu moja na pombe haramu, na wagema walizoea kukimbizwa. Sheria ya Kudhibiti Vileo ya mwaka 2010 iliziweka pombe za kienyeji chini ya utaratibu wa leseni, na Katiba ya mwaka huo huo ikazikabidhi serikali za kaunti jukumu la utoaji wa leseni hizo. Hata hivyo, ugumu mmoja unatokana na tembo lenyewe: halingoji. Kinywaji kinachobadilika ladha kati ya asubuhi na jioni hakikubali kwa urahisi masharti ya saa na vifungashio yaliyotungwa kwa ajili ya chupa za kiwandani. Hatusemi haya kuutetea ulevi, ambao umeharibu nyumba nyingi. Tunasema kwamba sheria isiyotofautisha utomvu mtamu, tembo na siki ni sheria iliyotungwa kwa msamiati haba.

Uchumi wa Leo

Hapo zamani mbata ilikuwa bidhaa kubwa ya pwani. Zaidi ya nusu ya uzito wa mbata ni mafuta, nayo yalisindikwa kwa ajili ya kupikia na kutengenezea sabuni. Baadaye mafuta ya mchikichi yaliyoagizwa kutoka Asia yalilitwaa soko, na wakulima wengi wakaanza kuuza nazi nzima kwa madalali wa mijini. Mwaka 2007 serikali iliunda mamlaka maalumu ya kustawisha mnazi. Baada ya sheria za kilimo za mwaka 2013, kazi zake ziliunganishwa katika mamlaka moja ya kilimo na chakula.

Tatizo la mkulima linaweza kuelezwa kwa mfano mwepesi. Dalali husimama chini ya mti, huhesabu nazi na kulipa kwa idadi. Alichonunua ni nyama ya kutoa tui na mafuta, maji, kifuu cha kutoa makaa, na makumbi ya kutoa nyuzi na vumbi la kuoteshea miche. Amenunua vitu vinne kwa jina moja na kwa bei moja. Kikundi cha wanawake kinachokamua mafuta, kuuza makaa ya vifuu na kushona makuti hukitaja kila kitu kwa jina lake, na kwa hiyo hukipa kila kitu bei yake. Hatudai kwamba maneno peke yake huleta mtaji, mashine au barabara. Hata hivyo, ni vigumu kukidai kitu usichokuwa na jina lake.

Wakati huo huo minazi mingi imezeeka. Chonga, mdudu mwenye pembe, hutoboa kilele na kuula moyo wa mti. Minazi mingine hukatwa kwa ajili ya mbao au kupisha majumba, na miche mipya haipandwi kwa kasi inayotosha. Ndani ya kilele kuna shaha, sehemu nyeupe na tamu ambayo huliwa. Lakini shaha haipatikani bila kuuangusha mnazi. Anayekula shaha amekula dafu, nazi, tembo na makuti ya miaka yote iliyobaki.

Hitimisho

Tumeona kwamba mnazi huwapa watu wa pwani chakula, kinywaji, nyumba, kamba, dawa ya ngozi, akiba na ushahidi. Tumeona pia kwamba lugha ilifuata kila tumizi na kulipa jina. Kamusi zetu zinayo mengi kati ya maneno haya, na tunazishukuru. Lakini kamusi husema kwamba koroma ni nazi isiyokomaa vyema. Haimwonyeshi msomaji sura ya mama aliyeletewa koroma huku wageni wake wamekwisha keti mkekani.

Tunapendekeza mambo mawili. Kwanza, chama chetu kiandae safari za utafiti ambazo wanafunzi watakaa na wakwezi, wagema, washona makuti na wapishi, na kurekodi maneno pamoja na kazi zake, yakiwemo maneno ya Kimijikenda yanayokaribiana na ya Kiswahili. Pili, walimu wa ngeli, methali na msamiati watumie mnazi kama somo moja linalounganisha matawi hayo yote. Yule mwenzetu aliyechekwa hakukosea peke yake. Alithubutu kusema kwa sauti ambacho wengi wetu tulikuwa hatukijui kimyakimya.

Maswali ya Mjadala

1. Tunga sentensi sita zinazoonyesha upatanisho wa kisarufi wa upunga, kidaka, dafu, koroma, nazi na mbata, katika umoja na wingi.
2. Eleza methali tatu zilizotajwa katika makala haya kwa kuanza na maana yake ya kazi kabla ya maana yake ya mafumbo.
3. Maneno tembo, mbuzi, chelewa, shaha na koroma yana maana zaidi ya moja. Jadili yapi ni homonimu na yapi ni polisemi, ukitoa sababu.
4. Chagua mmea au kazi moja ya kwenu, kama vile mgomba, mkonge, uvuvi au ufugaji, ukusanye majina ya hatua zake. Je, kila jina linaashiria uamuzi gani?